Maoni ya Mwanamvua Kwenye Nakala ya Kisarawe

Jumatatu, 14 Julai 2025

Ambokile amepiga simu saa tatu asubuhi. Ndiye fundi wa kompyuta wa Umoja wetu wa Wafugaji wa Kuku wa Kienyeji, anakaa makao makuu, Kibaha. Kanipa shikamoo ndefu. Shikamoo ndefu haiji peke yake.

Akasema nakala ya Kisarawe imesimama. Siku kumi na tisa haijapokea kitu. Akanieleza tena, kama anavyonieleza kila akipiga, kwamba daftari halisi la wanachama liko kwenye seva ya Kibaha, hiyo ndiyo mama. Kompyuta yetu hapa ni mtoto. Mama akiandikiwa jambo, mtoto hulipokea. Sasa mtoto amegoma kunyonya. Kwa hiyo Ijumaa saa nne atamfuta wote, halafu atamjaza upya kutoka kwa mama.

Nikamwambia sawa, mwanangu. Nikakata simu. Nikakaa.

Si sawa hata kidogo!

Asilolijua Ambokile ni hili. Mke wangu Mwanamvua alikuwa karani wa ofisi hii miaka minne, mpaka Mungu alipomchukua Desemba. Umoja wakaniweka kwenye kiti chake kwa muda, kwa sababu nilikuwa namletea chakula cha mchana kila siku na nilijua funguo zinakaa wapi. Sasa, kwenye daftari la wanachama kuna safu ya mwisho, "Maoni". Kibaha hawaigusi. Yeye aliigusa sana. Ila aliandika hapa hapa, kwenye nakala, maana mtandao wa kwenda Kibaha ulimchosha. Na anachoandikiwa mtoto hakimfikii mama. Maji hayapandi mlima.

Kwa hiyo maneno yake yapo mahali pamoja tu duniani: ndani ya hili boksi lenye vumbi mguuni pangu.

Namba 38: "Jogoo wake hana adabu. Piga hodi ukiwa mbali."

Namba 52: "Ukimuuliza idadi ya kuku anataja na waliokufa. Msikilize mpaka amalize, kisha toa sita."

Namba 90: "Hapokei simu kabla ya alasiri. Si kiburi, yuko shamba."

Pembeni ya kila moja mashine imeweka tarehe na saa. Hiyo ya 90 ni saa saba kasoro dakika kumi na tatu mchana. Ndio wakati niliokuwa nikifika na hotpoti. Maana yake aliandika huku ananisikia nikifuta miguu mlangoni.

Mpango wa kwanza: kunakili kwa mkono. Daftari jipya, kalamu mbili. Mpaka adhuhuri nimefika namba 31. Mkono haukuwa tatizo. Tatizo ni kwamba nikisoma moja, nakaa. Halafu nikatazama nilichoandika nikaona ni mwandiko wangu mimi, na hakuna saa pembeni. Nikafunga daftari.

Firdausi, mchanjaji wetu, akauliza kwa nini nisimwambie Ambokile ukweli tu. Nikamwambia yeye bado mdogo, hajui mambo ya ofisi. Sheria ya Umoja inasema nakala haiandikwi. Nikisema, watasema marehemu ndiye aliyeiharibu. Jina la mke wangu halitachafuliwa kwa ajili ya kompyuta!


Jumanne, 15 Julai

Mpango wa pili. Mwepesi, msafi. Nimechomoa waya wa mtandao, nikamtumia Ambokile ujumbe kwamba Kisarawe hakuna umeme tangu jana, nguzo imelala barabarani, pole kwa usumbufu.

Saa tano Ambokile akampigia Firdausi simu ya video kuulizia chupa za chanjo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Firdausi. Juu yangu feni inazunguka.

Akauliza kwa upole sana, mzee, hiyo feni inazungushwa na nini. Nikasema ni upepo. Nikamkumbusha kwamba Kisarawe tuko mlimani.

Halafu akauliza na waya wa mtandao je, mbona haumfikishi. Nikasema panya. Nikaona panya amekubalika, nikamwongeza akawa panya watatu.

Akasema basi nisihangaike, Ijumaa atakuja mwenyewe na waya mpya.

Yaani nilitaka asiingie kwa waya, sasa anaingia kwa miguu!

Firdausi alicheka mpaka akakaa chini, juu ya boksi la barafu. Akasema Baba Naila, huo uongo wako nao unahitaji chanjo. Nimemwambia aheshimu wakubwa. Akaniheshimu kama dakika mbili.


Jumatano, 16 Julai

Mpango wa tatu. Huu nimeuwaza usiku kucha.

Stoo kuna kompyuta ya zamani iliyokufa, ile ambayo ndani yake mchwa walishajenga. Nimeipangusa, nikabandua karatasi ya "NAKALA – KISARAWE" kwenye ile nzima nikaibandika kwenye mfu. Ile nzima nikaifunga ndani ya khanga ya Mwanamvua, ya rangi ya zambarau, nikapanda nayo bodaboda kwenda nyumbani. Nilikuwa nimeikumbatia. Dereva akauliza mtoto anaumwa nini. Nikasema amegoma kunyonya. Akaendesha taratibu sana, akakataa hata kuongezwa nauli, akasema nimuwahishe hospitali.

Nimeificha kwenye banda la kuku, kwenye kichanja cha juu, pakavu, juu ya majani. Nani atatafuta kompyuta kwenye banda la kuku? Hata mimi nisingetafuta.

Nikabaki hapo bandani kidogo. Kuku ni wake, kumi na mmoja. Yeye aliwahesabu kwa kuwaita: Mjumbe, Bi Harusi, Mkopo, Mama Mkwe. Mimi nawahesabu kwa namba na kila siku napata kumi.

Leo pia nimepata kumi.


Alhamisi, 17 Julai

Siku mbaya.

Chupa za chanjo ya kideri huja kutoka Kibaha Alhamisi, pamoja na orodha iliyochapwa kwa mama. Firdausi akaenda nazo Msimbu. Akarudi saa nane, amevimba.

Ilikuwa hivi. Bi Eugenia wa Msimbu, mwanachama mpya, alifungia kuku wake arobaini tangu alfajiri akimsubiri. Firdausi akafika, akatazama orodha, hakuna Bi Eugenia. Bi Eugenia akatoa kadi yake: namba 412, na sahihi yangu. Firdausi akapiga Kibaha. Kibaha wakasema 412 ni Mzee Ponsiano wa Pangani ya hapo Kibaha, kuku hamsini, na chupa yake imeshakwenda huko huko Pangani kwao.

Chupa nyingine zote zilikuwa na wenyewe. Na kule bondeni, nyumba ya tatu kutoka kwa Bi Eugenia, kuku wameanza kupinda shingo.

Salamu za Bi Eugenia, nimeletewa neno kwa neno: kwamba ikiwa yeye ni mwanachama wa Kisarawe tu na Kibaha hawamjui, basi kideri nacho kiambiwe kisubiri kwanza mpaka Kibaha wajulishwe.

Nikauliza alijiunga lini. Firdausi akasema wewe ndiye uliyemwandika, unaniuliza mimi? Tarehe 25 Juni.

Nikahesabu. Siku kumi na tisa kabla ya Jumatatu.

Siku ile mtandao ulikuwa umekatika. Bi Eugenia alikuwa ametoka mbali, kashika viatu mkononi. Sikupenda kumrudisha. Nikafanya kama nilivyomwona Mwanamvua akifanya, nikaandika kwenye nakala. Mashine ikampa 412. Siku hiyo hiyo Kibaha nao wakampa Mzee Ponsiano 412. Mama alipomletea mtoto 412 yake, mtoto akakuta kiti kina mtu. Akagoma. Ndio mpaka leo.

Kumbe ni mimi!

Jioni nimekwenda Msimbu mwenyewe. Nilijiandaa kutukanwa. Bi Eugenia akanivutia kigoda, akaniletea muhogo wa kuchemsha, akanipa pole ya mke wangu, maana hatukuwa tumeonana tangu siku ile na siku ile hakuwa akijua. Mimi ndiye niliyekwenda kumpa pole, yeye ananipa mimi. Kisha akauliza jambo moja tu. Chanjo ni kesho au keshokutwa?

Nikasema keshokutwa. Kwa uhakika kabisa. Mimi nani?

Sasa nimekaa na mambo mawili. Ili Bi Eugenia apate namba, Ambokile lazima aifungue nakala, aone kilichokwama. Akiifungua atayaona maoni. Akiyaona, ataifuta, ndiyo sheria. Nisipompa, kuku arobaini wa watu wanakaa bila tone.

Mwanamvua asingekaa hata dakika moja na jambo hili. Angekuwa ameshapiga simu, amerudi, anaonja mboga.

Mimi nimekaa mpaka magharibi.


Ijumaa, 18 Julai

Ambokile amefika saa nne kamili. Miwani ya jua, begi mgongoni, waya mpya wa bluu. Nilikuwa nimeamka na nia ya kusema kila kitu akiingia tu mlangoni. Akaingia. Nikasema karibu.

Akachomeka waya kwenye ile kompyuta mfu. Akawasha. Haikuwaka. Akaifungua, akatoa mchwa, akapuliza. Akalala chali chini ya meza na tochi mdomoni. Nusu saa! Jasho linamtoka, anasema mzee, hii hali ni mbaya kuliko nilivyofikiri, panya wako walikuwa na nyundo? Firdausi anaangalia dari. Mimi nafuta meza ile ile.

Mwisho nikasema Ambokile mwanangu, hiyo siyo.

Nikasema yote. Feni, panya, khanga, banda la kuku, 412. Nikasema la Mwanamvua mwisho, haraka haraka, nikitazama mlango.

Akasema twende tukaichukue.

Bandani tukamkuta kuku wa kumi na moja. Ni Mkopo. Kumbe amepata joto la kuatamia, alikuwa akitaga kwa siri huko kichanjani nyuma ya majani, na sasa kaona boksi, kalipanda, kajitandaza juu ya khanga kama malkia. Ambokile akanyoosha mkono. Mkopo akamdonoa mara mbili. Akasema ametengeneza mashine nyingi lakini hii ni ya kwanza kuikuta inaatamiwa. Ilibidi nimshawishi Mkopo kwa mtama.

Ofisini ikawaka. Ambokile akafungua daftari, akaenda moja kwa moja kwenye safu ya Maoni. Akasoma. Alicheka kwenye ile ya "toa sita". Akaendelea kusoma. Halafu akapanda juu kabisa, kwenye namba sifuri.

Namba sifuri aliiandika yeye mwenyewe, alipokuja kufunga mashine mara ya kwanza, kuona kama inafanya kazi. Jina: Jaribio Jaribio. Kijiji: Jaribio. Kuku: 999. Mwanamvua hakumwacha hata huyo. Kwenye Maoni kaandika: "Kijana aliyemwandika huyu ana haraka na hajala tangu asubuhi. Akija tena apewe chai kwanza."

Ambokile akavua miwani. Akauliza kama chai ipo.

Ilikuwepo. Na maandazi manne. Alikula matatu.

Kisha akaniuliza kwa nini sikusema tangu Jumatatu, maana kuyatoa maoni na kuyapandisha Kibaha ni kazi ya dakika kumi. Nikasema sikujua. Nikaona huo nao ni uongo, nikasema niliogopa watasema ameiharibu. Akasema mama Mwanamvua hakuharibu chochote. Aligusa safu isiyogombewa na mtu, nakala ikaenda vizuri miaka minne. Akasema aliyeiharibu ni mimi, peke yangu, kwa asubuhi moja.

Sijapata kufurahi hivyo kwa kulaumiwa. Nilimshika mkono. Akasema mzee, nakusema vibaya. Nikamwambia sema tena.

Akayapandisha maoni yote, mia mbili na kumi na moja, na saa zake. Bi Eugenia akapata namba 431, iliyoandikwa kwa mama kama inavyotakiwa. Ndipo akaifuta nakala.

Hapo sikuwa tayari. Alikuwa amenieleza, nilielewa, lakini kioo kilipokuwa cheupe nilivuta kiti nikakaa. Dakika arobaini. Ambokile akatoka kuongea na simu. Firdausi akaja akasimama karibu na kiti changu, hakufanya mzaha wowote. Namba zikaanza kuteremka kutoka Kibaha, moja moja, kama watu wanaorudi kutoka mazikoni, wakivua viatu mlangoni. Tano. Kumi na mbili. Thelathini na nane: "Jogoo wake hana adabu."

Nilifuta macho, nikasema ni vumbi la mchwa. Firdausi akasema ndiyo, vumbi.

Kabla ya kuondoka Ambokile aliifunga nakala, asiandike mtu yeyote tena. Ukitaka kuandika, unaandika Kibaha kwa mtandao. Mtandao ukikatika, unasubiri. Akanikaririsha mara tatu: ukikatika, unasubiri. Nikamwomba, kwa upole, neno la siri la kufungulia, kwa dharura tu. Akanitazama sana. Nikaapa. Akaniandikia kwenye kipande cha karatasi.


Jumamosi, 19 Julai

Ambokile alituma chupa na basi la kwanza. Tumekwenda Msimbu na Firdausi. Mimi nashika kuku, yeye anadondosha, tone moja jichoni, kuku mmoja baada ya mwingine. Tumehesabu arobaini na moja. Bi Eugenia kasema huyo wa mwisho ni mgeni, wa jirani, ila kwa kuwa amekwisha kufika asinyimwe.

Firdausi anasema tusubiri wiki mbili chanjo ikamate, ndipo tuseme alhamdulillahi kwa sauti. Kwa sasa tuseme chini chini.

Nimesema chini chini.


Jumatatu, 21 Julai

Nimefika mapema. Nimesoma maoni yote kwa mpangilio, sifuri mpaka mwisho, bila haraka, maana sasa hayaendi popote. Yapo Kibaha, yapo hapa, na Ambokile anasema usiku nakala ya tatu hupelekwa mahali pengine asipopataja. Mtu mwenye mashine tatu zinazomkumbuka si haba.

Nikafika namba 117.

Mwanamvua Salehe, Kisarawe. Kuku kumi na mmoja. Maoni: hakuna kitu.

Nikadhani mashine imekosea. Nikafunga, nikafungua. Hakuna. Ameandika jogoo wa watu, ameandika simu za watu, ameandika hata Jaribio Jaribio. Nyumba yetu ameiacha tupu. Labda aliona haina haja ya kuelezwa, karani mwenyewe anaijua. Hakufikiri kwamba siku moja karani atakuwa mtu mwingine.

Nikataka kujaza. Nikafungua mtandao wa Kibaha. Umekatika. Nikakumbuka: ukikatika, unasubiri.

Nikasubiri. Nimesubiri robo saa nzima!

Halafu nikajiuliza dharura ni nini. Nikajiuliza kwa haki kabisa, pande zote mbili, na nikakubaliana na mwenyewe. Nikatoa kile kipande cha karatasi.

Nimeandika kwa mtindo wake, maneno ya kazi tu: "Mwenyewe hayupo. Kila asubuhi kuku husimama mlango wa jiko, wape mtama, wataondoka. Mzee yupo. Piga hodi kwa nguvu, hujifanya hasikii. Anaendelea vizuri."

Nikabonyeza. Mashine ikaweka saa pembeni, saa nne na dakika tano asubuhi. Kwenye nakala, ndiyo. Mstari mmoja tu. Safu ambayo haigombewi na mtu.

Firdausi kapita nyuma yangu, kasoma, kasema Baba Naila wewe! Nikamwambia Ambokile hataona.

Na akiona, nitasema ni siafu. Umeme, panya na upepo nimeshavitumia, lakini siafu sijawagusa bado.